Binamu Yangu wa Chumba cha Nne

Kwa miaka sita niliyokaa mapokezi ya hoteli moja ya Uvira, mji ulio kati ya ziwa na mpaka, nilipata binamu wengi kuliko mtu mwingine yeyote wa ukoo wetu. Nilikuwa na binamu mtawa kutoka Kigoma, binamu dereva wa lori la bia, na binamu wawili Wachina waliokuja kupima barabara. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba tuna undugu. Niliwafanya ndugu zangu kwa kalamu, jioni, kabla ya saa kumi na mbili.

Sababu ilikuwa fishi. Fishi ni karatasi ambayo kila mgeni wa hoteli lazima ajaze: jina, kazi, anatoka wapi, anaenda wapi, sababu ya safari, na chini kabisa, mtu wa kupigiwa simu kukitokea tatizo. Kila jioni afisa mmoja wa usalama alipita na pikipiki kuzichukua. Akikuta fishi ina nafasi tupu, aliketi, akaomba chai, akaanza kuuliza maswali mpaka unasahau jina la baba yako. Kwa hiyo sikuacha nafasi tupu. Mgeni akichoka, akilala mapema, akisema atajaza kesho, nilijaza mimi. Kazi: mfanyabiashara. Anaenda: Bujumbura. Mtu wa kupigiwa simu: binamu. Na namba niliandika yangu, maana ndiyo pekee niliyoijua kwa kichwa. Bosi alikuwa akiusifu mwandiko wangu. Mimi pia niliusifu.

Kijana yule alifika alasiri moja, mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka kwenye ngazi za hoteli. Chumba cha kwanza mpaka cha tatu tulikuwa tumewaachia samaki. Cha nne ndicho kilichobaki kikavu upande ule, na bosi alitutaka tukiite chumba cha kutazamia ziwa. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu, mfuko mmoja mdogo, na koti zito mwilini wakati sisi wote tunatoka jasho. Nilimwomba kadi ya mpiga kura, maana kwetu ndiyo kitambulisho. Akanipa. Ilikuwa nyeupe. Kadi zetu zile mnazijua, wino wake hauvumilii mfuko wa suruali. Yake ilikuwa imefutika yote, sura na jina, imebaki plastiki. Tukacheka wote wawili. Akasema safari imemchosha, atanipa maelezo yake asubuhi. Nikampa ufunguo, na blanketi la pili aliloliomba.

Afisa alipokaribia kufika, nikachukua fishi yake. Jina nilimpa la mvulana niliyesoma naye darasa la tano, aliyekuwa na adabu. Mengine nikayajaza kama kawaida.

Asubuhi alikuwa amekufa. Mama wa usafi aligonga, akagonga tena, akaja kuniita, tukafungua kwa ufunguo wa akiba. Alikuwa amelala ubavu, amejifunika mablanketi yote mawili na koti juu yake. Na niliona aibu, kwa sababu kitu cha kwanza nilichokifikiria hakikuwa yeye, kilikuwa fishi.

Wakaja bosi, daktari wa zahanati ya jirani, shefu wa kata, yaani mkuu wa mtaa wetu, na afisa wa usalama akiwa na fishi mkononi. Daktari alimwangalia kwa muda, akauliza kuhusu lile koti, akaona vidonge viwili vya maumivu juu ya meza, akasema ni malaria iliyopanda kichwani. Alilisema hilo saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya watu wanne wenye masikio mazima. Naomba msomaji alikumbuke, kwa maana hakuna mtu mwingine Uvira aliyelikumbuka.

"Tumupigie ndugu yake," afisa akasema. Akasoma namba kwenye fishi, akabonyeza, akaweka simu sikioni. Simu yangu ikalia mfukoni. Tulikuwa tumesimama hatua mbili, mimi na yeye. Ningeweza kuizima. Badala yake, kwa ujinga ambao mpaka leo sijauelewa, niliipokea.

"Alo?" akasema, akiniangalia.

"Alo," nikasema, nikimwangalia.

"Weye njo binamu ya huyu mutu?"

Kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali ni kesi. Kuuandika miaka sita, na Wachina ndani yake, ni kesi ambayo niliona siwezi kuiepuka. Nilikuwa na mke, na mtoto wa miezi minne.

"Ndiyo," nikajibu kwenye simu. "Minye njo binamu yake."

Afisa akakata, akavua kofia, akanipa mkono. "Pole sana, ndugu yangu." Bosi akanikumbatia kwa nguvu, machozi yanamlengalenga. "Kwani haukusema? Binamu yako mwenyewe, unamulalisha kule chini karibu na maji?" Nikasema nilikuwa sitaki kumsumbua mtu. Wakasema huo ndio moyo wangu, wanaujua.

Mahali fulani kulikuwa na watu wanaomngoja kijana yule, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba hawajaambiwa alikuwa mimi. Wengine wote waliamini familia imekwisha kupata habari, maana familia ilikuwa imesimama pale mapokezi, imevaa shati la hoteli. Nililijua hilo tangu dakika ile ile. Siwezi kusema kwamba lilinijia baadaye.

Nilijaribu kitu kimoja. Simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, nikaomba ifunguliwe, nikisingizia ninataka picha zake. Nilitaka namba ya mtu yeyote, hata ya fundi viatu wake. Afisa akaipeleka kwa fundi wa soko la Mulongwe. Fundi akaifungua kweli. Ilirudi mpya kabisa, haina picha, haina namba, inaniuliza ninataka kutumia lugha gani. Laini nayo ikajifunga baada ya kujaribiwa mara tatu. Fundi akanitumia pole ya binamu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Binamu gani huyu, minye sikumujuaka?"

Nikamvuta jikoni, nikamweleza yote kwa kunong'ona. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto akiwa mgongoni. "Weye uko mujinga," akasema. "Siyo kidogo. Mujinga ya kweli kweli." Alikuwa na mengi ya kuongeza, lakini wanawake wa jirani walikuwa wanaingia uani na mikeka yao. Mke wangu akawaona, akanitazama kwa hasira, akajitupa chini. "Aaa, binamu wetu! Kijana mupole vile! Ametuachia nani?" Sijapata kusikia mtu akilia vizuri namna ile. Kufika saa sita mchana shefu wa kata alikuwa ametuletea bashi la kufunika uwanja na viti vya plastiki, na kilio kikawa kwangu.

Nilitegemea ndugu zangu wenyewe wataniumbua. Mama yangu mzazi alifika kutoka Mutarule na kikapu cha muhogo, akaniuliza huyu ni mtoto wa nani. Nikababaika. Akafikiri, akasema atakuwa wa upande wa baba, wale hawana mpango, wanazaa na hawasemi. Baba zangu wadogo walipofika, wakasema atakuwa wa upande wa mama, kwa sababu hizo hizo. Kila upande uliona haya kwa kutomjua mtoto wake, basi kila upande ukaanza kumjua. Jioni baba yangu mdogo alikuwa anawaeleza watu jinsi alivyombeba akiwa mchanga. "Alikuwa na kichwa kubwa," akasema, "nilimubeba minye mwenyewe." Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumpiga.

Kisha yakaanza maelezo ya kifo. Wanaume waliketi chini ya bashi, na swali lilikuwa moja: kijana mzima, mgeni, hana jeraha, amekufaje hotelini?

Wa kwanza walikuwa watu wa dhahabu. Fishi inasema mfanyabiashara, wakasema. Ni biashara gani inayoingia kwenye mfuko mdogo vile? Wakatazamana. Kabla ya chai ya pili kijana alikuwa ameimeza dhahabu, na kabla ya sala ya jioni dhahabu ilikuwa imempasua utumbo. Jirani mmoja alinivuta pembeni kwa heshima kubwa, akaniuliza kama familia tumefikiria kuangalia tumboni. Nikamwambia arudi akakae.

Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu yeye hakutaka dhahabu. Alikuwa na ile kadi nyeupe. Kadi isiyo na sura, alisema, haifutiki hivi hivi, inatolewa hivyo hivyo kwa watu wa kazi maalumu. Na anaenda wapi? Bujumbura. Mbona hakuvuka siku ile ile, na mpaka uko pale? Alikuwa anangoja mtu. Kila kadi iliyokuwa chini ya bashi ilitolewa mifukoni ikaangaliwa, na nusu ya waombolezaji walionekana kuwa majasusi. Hilo halikumsumbua mwalimu hata kidogo.

Wanawake walikuwa na ziwa. Ziwa lilikuwa limechukua vyumba vitatu, wakasema, likafika cha nne likakuta kuna mtu, likamtoa. Ushahidi ulikuwa kwamba alikutwa baridi. Bosi aliipenda hii kwa siku nzima kwa sababu haikumgusa mpishi wake wala vitanda vyake, mpaka mtu mmoja alipomuuliza kama kuna mgeni katika chumba cha tano. Mama muuza ndagala, wale dagaa wetu, alisema kijana alikunywa maziwa njiani. Mama muuza maziwa alisema kijana alikula ndagala. Walipokutana pale kwangu ilibidi mikeka yao itenganishwe.

Daktari naye alikuja kutoa pole. Akakaa, akasikiliza, akasema tena kwa upole kwamba ilikuwa malaria.

"Doktere, asante," baba mdogo akamjibu, "lakini malaria tunaijua. Malaria iko ya batu ya hapa. Mutu atoke mbali vile, aende Bujumbura, juu ya kuja kufa na malaria?"

"Nani alisema alikuwa anaenda Bujumbura?"

"Iko kwa fishi."

Daktari akamaliza soda yake, akaaga. Nilimtazama akiondoka. Dhahabu yao ilitoka kwenye neno langu, na mpaka wao ulitoka kwenye neno langu. Watu wazima walikuwa wanagombana kwa siku mbili juu ya kitu nilichokiandika kwa nusu dakika huku nikitafuta kifuniko cha kalamu. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kijana ana mama.

Siku ya tatu asubuhi, kabla hatujaenda kuchukua mwili, nilisimama. Chumba cha maiti hakikuwa na umeme, tusingeweza kungoja zaidi, na nilijua akishaingia ardhini kwa jina lile hakuna wa kumtafuta atakayempata. Nikasema kila kitu. Nikasema simjui, si binamu yangu, jina ni la mtu mwingine, safari ya Bujumbura niliitunga, namba ni yangu. Nikasema tutangaze redioni, pengine mama yake atasikia.

Kisha shefu wa kata akaja akanishika mabega. "Batu, tumuombee. Huzuni inaweza kumufanya mutu akatae hata damu yake." Wanawake wakaanza kulia upya, kwa ajili yangu sasa. Baba mdogo alikasirika: kama si ndugu, yeye alimbeba nani? Na nyuma, karibu na moto wa chai, nikasikia wazo jipya likizaliwa, kwamba binamu anamkana marehemu kwa sababu anajua dhahabu iliko. Mke wangu akanivuta shati. "Ikala," akanong'ona. "Ikala sasa, batakuua."

Nikakaa. Hilo ndilo ninalojilaumu kuliko uongo wenyewe. Uongo niliusema kwa sababu nilishtuka. Kukaa, nilikaa kwa kuchagua. Tulimzika saa nane mchana, juu, mahali ambapo maji ya ziwa hayawezi kufika. Msalaba ulikuwa na jina la mvulana wa darasa la tano, na jina la ukoo wetu likifuata. Mke wangu alilia tena kaburini. Baadaye aliniambia kwamba safari hii hakuwa anaigiza.

Niliporudi kazini, mwenzangu wa zamu aliniambia habari kwa kupita tu, huku akipanga funguo. Siku ile ya mazishi alikuja dada mmoja kutoka Kamanyola, ana mtoto mchanga mgongoni, anamtafuta kaka yake. Akataja jina. Mwenzangu, mtu mwaminifu, alipekua nakala zote za fishi za wiki ile, moja moja, akamwambia hakuna mtu wa jina hilo aliyelala hapa. Dada akashukuru, akaondoka. Nilikimbia mpaka kituo cha magari ya Kamanyola kana kwamba angekuwa bado ananingoja. Zilikuwa zimepita siku nne.

Mama yake alikuja baada ya mwezi na nusu, kwa boti, kutoka Kalemie. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na picha ya kijana wake aliyoifunga kwenye kitambaa. Alipoifungua juu ya meza ya mapokezi, sikuangalia fishi yoyote. Nikamwambia, "Mama, ninamujua. Alikufia hapa." Akaketi sakafuni. Nami nikatoka nyuma ya meza, nikaketi sakafuni.

Kutoka bandari ya Kalundu, aliposhukia, mpaka kwetu, kwa kuonyesha ile picha tu, alikuwa amekwisha kuambiwa kuhusu dhahabu, ujasusi, ziwa na maziwa. Akaniuliza mimi ninasema nini. Nikasema malaria. Akaitikia kwa kichwa. "Iyo njo naelewa," akasema. "Tangu mutoto ilikuwa inamupiga na baridi. Nilimwambia angoje apone. Akasema mudogo wake wa Kamanyola amezaa, anataka aone mutoto." Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Fishi nzima ingejaa kwa maneno hayo, na kama ningeyajua, Kamanyola ni nusu siku tu kutoka kwetu.

Nilimweleza yote, fishi, simu, kilio. Hakunitukana. Alitaka kitu kimoja tu, jina la mtoto wake liandikwe kwenye kaburi lake. Basi nikaanza kwa afisa wa usalama, nikakiri mbele yake, mikono nyuma, tayari kupelekwa. Akaenda akafunga mlango. "Fishi zilishaenda Bukavu kwa bakubwa," akasema. "Unataka niwaandikie kama miaka sita niko nabatumia bongo, nabadanganya? Toka hapa." Ile kesi niliyoiogopa kiasi cha kumwibia mama mtoto wake haikuwahi kuwepo.

Kwenye ofisi ya kata, karani wa vifo alifungua daftari, akalisoma kwa kidole. Kubadilisha jina la marehemu, alisema, kunaombwa na familia.

"Familia njo huyu mama," nikasema.

"Apana. Familia njo weye. Iko sahihi yako hapa."

"Nilidanganya."

"Kama ulidanganya, weye siyo familia, hauwezi kuomba kitu. Kama haukudanganya, jina iko sawa, hakuna kitu ya kuomba." Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Akamgeukia mama. "Mama, uko na karatasi?"

Mama akatoa kadi yake. Ilikuwa imebakiza nusu ya jina na kidevu. Karani akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yetu mpaka nje. Akatazama foleni, akamtazama mama, na nadhani akamhurumia, maana akashusha sauti.

"Mama, sikiliza muzuri. Huyu kijana mwenye amekuleta ameandikwa ndugu ya marehemu. Kama na weye uko ndugu ya huyu, basi uko ndani ya familia, ninaweza kuandika. Huyu kijana ni nani wako?"

Aligeuka akanitazama.

"Ni mutoto wa mudogo wangu," akasema.

Karani akagonga muhuri.

Nje jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimebeba kopo la rangi nyeusi na brashi, na maneno ya shukrani yalinitoka bila mpango, nikamwita mama mkubwa, nikasema Mungu amlipe. Akainua mkono kuninyamazisha.

"Usinishukuru. Minye nimesema bongo juu ya mutoto wangu apate jina yake. Weye ulisema juu ya nani?"

Watu walikuwa wanapita kati yetu na pikipiki. Nilifikiria mke wangu, nilifikiria mwanangu mchanga, na nilijua nikiwataja nitakuwa nimejaza nafasi nyingine tupu.

"Juu yangu, mama," nikasema.

Akachukua lile kopo la rangi mkononi mwangu, akatangulia kupanda njia ya makaburini, nami nikamfuata na brashi.